Pampu Iguswe Mwisho

Injini ya trekta kuukuu ikianza kupanda na kushuka yenyewe, mtu hajagusa akseleta, macho ya wote waliosimama hapo huenda kwenye pampu ya nozo. Bisibisi inatoka mfukoni, nati ya kufungia skrubu ya silensa, yaani ya mwendo wa injini bila akseleta, inalegezwa, skrubu inazungushwa robo, kisha nusu, na watu wanatega masikio kusikia kama kuna nafuu. Kwa niliyoyaona katika miaka ya kuishi na mashine hizi, mazoea hayo yamewala wakulima fedha nyingi kuliko ubovu wenyewe. Pampu huharibika, sibishi. Ila mwendo usiotulia una mzizi mmoja, nao ni kuchelewa: mahali fulani amri imetolewa na utekelezaji umefika baadaye. Mara nyingi kuchelewa huko huanzia nyuma ya pampu, kwenye njia ya mafuta inayotoka tangini, au nje yake, kwenye vyuma vinavyounganisha akseleta na pampu. Anayeanza na pampu anaanzia mwisho wa njia.

Nichukue mashine ambayo wasomaji wengi wanaijua. Massey Ferguson 135 ilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na yenye kutumia dizeli ilifungwa injini ya Perkins ya silinda tatu, yenye ujazo wa takriban lita 2.5. Ndugu zake, 165 na 240, pamoja na yale yaliyoundwa baadaye Pakistan na India chini ya jina hilohilo, bado yanalima, yanavuta tela na kuzungusha mashine za kupukuchua mahindi vijijini kwetu. Mengi yana pampu ya DPA ya kampuni ya CAV. Ni pampu ya mzunguko: rota moja hugawa mafuta kwa silinda zote kwa zamu, badala ya kila silinda kuwa na pistoni yake ndani ya pampu. Mwishoni mwa rota kuna pampu ndogo ya mapezi inayopokea mafuta kutoka kwenye filta na kuyapa shinikizo linalopanda kadiri mwendo unavyopanda. Kati ya shinikizo hilo na rota kuna vali ya kupimia, kichuma chembamba kinachojizungusha kidogo tu ndani ya tundu lake ili kuongeza au kupunguza mafuta. Katika aina yenye gavana ya vyuma, yaani kidhibiti mwendo, mkono unaoisogeza vali hiyo husukumwa upande mmoja na vizito vinavyotanuka injini inapokaza mwendo, na upande wa pili huvutwa na springi. Dereva akivuta akseleta, anachokaza ni springi. Wapo madereva waliozeeka kwenye usukani wakiamini kwamba ile fimbo inafungua mafuta moja kwa moja. Kumbe dereva anaagiza mwendo tu, na gavana ndiyo inayoamua mafuta.

Hapo ndipo tatizo lilipo, na ni la zamani kuliko trekta lolote. James Watt alifunga gavana ya mipira inayozunguka kwenye injini ya mvuke mwaka 1788. Miaka 80 baadaye, mwaka 1868, mwanafizikia James Clerk Maxwell alichapisha makala kuhusu gavana katika jarida la Royal Society ya London, akaonyesha kwa hesabu kwamba mashine inaweza kuyumba ingawa kila kipande chake ni kizima. Kuyumba huko kunaweza kufifia au kukua, kutegemea jinsi sehemu zinavyohusiana zinapoendeshana. Mtu anaweza kuuliza hesabu za Maxwell zinahusu nini kwenye banda la fundi lenye sakafu ya udongo. Zinahusu sana, maana zinakataza kuhukumu kwa kuangalia kinachotikisika. Nahodha mwenye usukani wenye kamba zilizolegea huukata kulia, jahazi haligeuki. Anaukata zaidi, mara kamba zinashika na jahazi linapita kiasi. Anarudisha kushoto, na mambo ni yaleyale. Ukitazama mikono ya nahodha tu utasema hajui kazi. Gavana nayo ndivyo inavyoonekana ikiwa inaagiza mafuta ambayo hayafiki kwa wakati. Inatikisika kwa sababu inajibu kile inachokipata.

Mapovu ya hewa yanaeleza jambo hili vizuri. Mafuta hayabonyei kirahisi, hewa inabonyea. Povu likiingia kwenye rota, pistoni zake zinabana hewa badala ya kusukuma dizeli, nozo haipati shinikizo la kuifungua, mwendo unaanguka. Gavana inafungua vali zaidi. Kisha povu linapita, mafuta kamili yanaingia kupitia vali iliyo wazi kuliko inavyostahili, na injini inaruka. Gavana inafunga. Likija povu jingine, mchezo unaanza upya. Msuguano huleta kuchelewa kwa njia nyingine: vali yenye utando wa mafuta yaliyoganda, au yenye kutu iliyoletwa na maji, haisogei mpaka nguvu ijikusanye, kisha inachomoka ghafla. Pini zilizolika huleta kuchelewa kwa uchezaji wake, kwa kuwa mkono unasafiri hatua ya kwanza bila kusogeza kitu. Ubovu ni wa namna tatu, mlio ni mmoja. Ndiyo maana skrubu ya silensa, ambayo haiondoi hewa, wala utando, wala uchezaji, haiwezi kuwa dawa. Inachoweza kufanya ni kuipandisha injini hadi mwendo ambao uzito wa gurudumu lake la nyuma, flaiwili, unaficha kuyumba, na ubovu ukabaki palepale.

Hata hivyo, si kila mwendo mbaya ni wa gavana, na mtu asiyetenganisha dalili atapima kitu kisichohusika. Kuyumba kwa gavana kuna mdundo: unapanda, unashuka, unapanda, karibu kwa vipindi sawa, na kwa kawaida huonekana zaidi trekta likiwa halina mzigo. Injini inayokosa moto kwenye silinda moja, inayomisi kama mafundi wasemavyo, huchechemea. Pigo linaruka, lakini wastani wa mwendo haupandi na kushuka kwa mawimbi. Njaa ya mafuta ni kitu cha tatu. Trekta linatulia vizuri kwenye silensa, linaingia shambani na plau, na baada ya mita kadhaa nguvu inaisha polepole kana kwamba mtu anafunga bomba. Ipo pia dalili ya nne ambayo si ugonjwa kabisa. Gavana ya vyuma imeundwa ipungue mwendo kidogo inapobeba mzigo, na upungufu huo ndio unaoipa utulivu. Mkulima anayetaka mashine yake ya kupukuchua izunguke vilevile ikiwa tupu na ikiwa na mahindi, asione hata tone la tofauti, anaomba kitu ambacho gavana hiyo ingekipata kwa gharama ya kuanza kuyumba. Fundi mwenye heshima humwambia hivyo, hata kama jibu hilo halina malipo.

Kwa hiyo twende kwenye njia ya mafuta. Kwenye 135 tangi liko juu ya injini, chini ya boneti, na hapa kuna mtego unaowapotosha hata waangalifu. Kwa kuwa tangi liko juu, watu hudhani hewa haiwezi kuingia: penye tundu dizeli ingedondoka nje na tungeiona. Ni kweli, lakini ni kweli kwa njia iliyo wazi. Wavu mdogo wa ndani ya tangi ukizibwa na kutu au uchafu, pampu ya kusukumia iliyo ubavuni mwa injini inaanza kufyonza, na sili ambayo trekta likisimama haitoi hata unyevu, trekta likiunguruma inavuta hewa. Ukavu wa nje si ushahidi. Ushahidi unapatikana kwa kipande cha mpira unaopitisha mwanga, kikifungwa kati ya filta na pampu ya nozo. Injini ikinguruma, mapovu yanaonekana au hayaonekani, na ubishi unakwisha. Kabla hata ya hapo, kifuniko cha tangi kinastahili kufunguliwa injini ikiwa inaendelea kuzunguka. Tundu lake la kupumulia likiwa limezibwa na vumbi, dizeli inapungua tangini bila hewa kuchukua nafasi yake, na trekta hudhoofika baada ya muda wa kazi, kisha hupona likipumzishwa. Nimewahi kusikia hali hiyo ikielezwa kuwa injini inachoka kwa joto. Tundu lile unalizibua kwa sindano.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwenye sehemu hii ni cha dumu. Dumu safi lenye dizeli safi linaninginizwa juu ya injini na mpira wake unaingizwa moja kwa moja kwenye filta, hivyo tangi, wavu, bomba lake na pampu ya kusukumia vyote vinaachwa kando. Injini ikitulia, ubovu uko kati ya vile vilivyoachwa. Isipotulia, mpira unaweza kusogezwa mbele zaidi upite hata filta, kwa muda mfupi na kwa mafuta yenye uhakika wa usafi. Nguvu ya kipimo hiki ni kwamba kinakata njia katikati badala ya kubahatisha kipande kimoja kimoja. Filta nayo ina hila yake. Ile ya CAV inayobanwa kati ya vifuniko viwili kwa boliti moja ya katikati inategemea pete za mpira juu, chini na kwenye boliti. Mara nyingi pete ya zamani hubaki imeng'ang'ania kwenye kichwa, mpya inawekwa juu yake, na siku hiyohiyo ya sevisi ndiyo siku trekta linapoanza kuyumba. Mwenye trekta husema haiwezekani filta iwe tatizo kwa kuwa ni mpya. Upya wake ndio sababu ya kuishuku. Na baada ya kazi yoyote hapo, upepo utolewe kwa utaratibu: kwanza kwenye filta, kisha skrubu ya chini kwenye kichwa cha pampu, kisha ya juu kwenye nyumba ya gavana, na mwisho nati za nozo. Kama kimkono cha kupampia kilicho kwenye pampu ya kusukumia kimelegea na hakisukumi kitu, mara nyingi hakijafa. Nundu ya kamshafti imekisimamia vibaya, na kuizungusha injini mzunguko mmoja kunatosha.

Nati za nozo zina kazi nyingine, ya kutafuta silinda isiyochangia. Unalegeza moja injini ikiwa kwenye silensa: mwendo ukibadilika, silinda hiyo inafanya kazi, usipobadilika, umemkuta anayechechemea. Lakini kipimo hiki kinahitaji miwani na kitambaa, kwa sababu nozo za injini hizi hufunguka kwa shinikizo linalozidi angahewa 150. Mafuta yanayotoka kwa nguvu hiyo kwenye tundu dogo hupenya ngozi. Kidonda chake huonekana kama kijitobo tu na maumivu huchelewa, nacho ni cha kukimbizwa hospitali palepale. Mtu asitafute kamwe uvujaji wa bomba la nozo kwa kidole.

Upande wa vyuma vya akseleta hauhitaji maneno mengi. Vifundo vyake hulika, na ule msuguano unaoushikilia mkono wa akseleta mahali pake hupotea, hivyo mtikisiko wa injini wenyewe unausogeza. Chomoa fimbo kwenye pampu, shikilia mkono wa pampu kwa nguvu dhidi ya skrubu yake ya kikomo. Kuyumba kukikoma, pampu haina hatia, na unachohitaji ni vifundo vipya. Matrekta ya petroli yaliyosalia, kama Ferguson TE20, yana kipimo chao chepesi hivyohivyo: vuta choki kidogo, na injini ikitulia, mchanganyiko ulikuwa na mafuta haba, kwa jeti chafu au hewa inayoingilia kwenye gasketi ya manifoldi.

Wapo wanaosema utaratibu wote huu ni wa watu wenye muda, na msimu haungoji. Mvua imenyesha, trekta lina foleni ya mashamba, fundi anayechezea kifuniko cha tangi anaonekana hana ujuzi, na anayefungua pampu anaonekana yuko kazini. Hoja hii ina uzito wa kijamii zaidi ya wa kiufundi. Vipimo nilivyovitaja, vikifanywa kwa mfuatano, havimalizi asubuhi. Kuing'oa pampu na kuipeleka mjini kwa fundi pampu ni safari, ni kungoja zamu kwenye mashine ya kupimia, na mara nyingi ni kulipia sili na vipuri ambavyo havikuwa vimekufa. Likirudi trekta likayumba vilevile, kwa kuwa wavu wa tangi haukuguswa, msimu umekwenda kweli. Tena skrubu iliyokwisha kuzungushwa inaharibu ushahidi. Baada ya hapo hakuna ajuaye mwendo wa awali ulikuwaje, na fundi wa pili anatibu ugonjwa wa trekta pamoja na ule ulioongezwa na wa kwanza. Skrubu ya mwendo wa juu, ambayo kiwandani hufungwa kwa waya na muhuri, ni mbaya zaidi kuichezea, maana ikilegezwa injini inaweza kuzunguka kupita kiwango ambacho fimbo za pistoni zilikusudiwa kubeba.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema: matrekta haya yana miaka 40 au 50, pampu zake zimechoka kwa vyovyote, kwa hiyo kudhani pampu ni kudhani kwa akili. Nakubali kwamba zimechoka. Lakini uchovu wa pampu una dalili zake. Rota iliyolika huvujisha ndani kwa ndani, na huonekana kwanza kwa ugumu wa kuwaka injini ikiwa ya moto, dizeli inapokuwa nyepesi, kabla ya kuonekana kwa kuyumba. Kama trekta linawaka vizuri likiwa moto na bado linayumba, umri wa pampu hauelezi kinachosikika. Halafu kuna swali la nini kiliichosha. DPA hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Haina oili nyingine. Maji yaliyojikusanya usiku kwenye tangi lililoachwa nusu, uchafu wa pipa lililochotewa kwa ndoo, na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hayalainishi kama dizeli, vyote hupita kwenye vyuma vilivyosuguliwa kwa usahihi mkubwa. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya ikaongeza tozo kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 ili faida ya kuyachanganya ipungue. Pampu iliyofufuliwa kwa gharama kisha ikarudishiwa mafuta yaleyale na tangi lilelile itakuwa imepewa muda tu. Kwa hiyo hata anayeshinda hoja kwamba pampu ndiyo mbovu bado analazimika kuanza tangini.

Kuna hali moja inayonifanya nisiharakishe kumlaumu anayeikimbilia pampu. Injini inapopanda bila kushuka, akseleta imefungwa na bado inazidi kulia, hofu ni ya haki. Ila hata hapo, mara nyingine mafuta hayatoki kwenye pampu kabisa. Kisafisha hewa chenye bakuli la oili kikijazwa kupita alama, injini hufyonza ile oili na kuichoma kama dizeli, na gavana haina mamlaka juu ya kitu kisichopitia kwake. Kuizima pampu hakusaidii. Kinachosaidia ni kuziba mlango wa hewa, kwa ubao au kitu kigumu, kamwe si kwa kiganja.

Basi ni lini pampu inastahili kushukiwa? Ni pale injini inapoyumba ikinywa kutoka kwenye dumu safi, mpira wa kuonea hauna povu, bomba la marejeo, linalorudisha mafuta ya ziada, liko wazi, mkono wa pampu umeshikiliwa kwa nguvu, na silinda zote zinachangia. Hapo kinachobaki ni ndani: vali ya kupimia inayonata, springi iliyochoka, au pini za gavana zilizolika. Kwenye familia ya pampu za Kimarekani za Roosa Master, zilizofungwa kwenye John Deere nyingi za zamani, kuna pete ya plastiki kwenye kibebeo cha vizito ambayo humeguka kwa uzee, na vipande vyake huziba njia ya marejeo; vipande vyeusi kwenye kiungo cha bomba hilo ni jibu tosha. Pampu ya DPA ikilazimika kutoka, alama iliyochorwa kwenye flanji yake isafishwe kwanza na kuonekana inapoelekeana na ile ya kwenye injini, matundu yote yazibwe kwa vizibo safi, na fundi pampu aandikiwe kwenye karatasi vipimo vilivyofanywa na matokeo yake. Aombwe aipime kwenye mashine kabla ya kuifungua, na vipuri atakavyobadilisha avirudishe ndani ya mfuko.